Fashifashi, ndege na ndege

Najua nimepotea. Kuna mmoja wenu kaniuliza kabisa kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo Mlimani, napumua, bumu liliisha tangu wiki ya pili ya Desemba na sasa ni wali maharage kwa kwenda mbele. Mitihani ya muhula wa kwanza iko mlangoni, kwa hiyo leo naandika mara moja halafu narudi kwenye madesa yangu. Ila kuna jambo limenikaa kichwani tangu mkesha wa mwaka mpya, na naona nisipoliandika halitatoka.

Jambo lenyewe ni swali: hizi fashifashi zinazopigwa wakati wa sikukuu, zinaweza kuidhuru ndege iliyo angani?

(Kabla hamjaanza kucheka: wengine mnaziita fataki, lakini mafataki wa kwetu ni wale wababa wanaowanunulia chipsi mabinti wa shule. Hao tutawaongelea siku nyingine. Leo nitasema fashifashi, tusije tukachanganyana.)

Aliyeniuliza ni mama. Sisi kwetu ni Kiwalani, na kwa msioijua Dar, hapo ni jirani kabisa na uwanja wa ndege. Ndege ikija kutua kwa upande wetu unasikia bati linatetema, na watoto wa mtaani wanakutajia ndege ya kampuni gani kwa kuangalia mkia tu. Sasa mkesha huo dada yangu mkubwa alikuwa anarudi kutoka Muscat, alikokaa miaka miwili akifanya kazi za ndani. Miaka miwili tunamsikia kwenye simu. Laptop ninayoandikia hapa imetoka kwenye jasho lake. Ndege yake ilitakiwa kutua saa saba na nusu usiku, mwaka mpya ukiwa na saa moja na nusu tu.

Jioni ya tarehe 31 akaja mama jirani na habari zake. Eti mwaka huu vijana wa kijiweni wamenunua fashifashi za nguvu, zile zinazopaa, na ndege ikiguswa na kitu kile wakati inatua inawaka yote kama dumu la petroli. Akashauri tuombe sana. Akaondoka. Mama akakaa kimya muda, halafu akaniita uani.

"Wewe si ndiyo unasomea fizikia huko? Haya niambie. Mwanangu atafika?"

Nasomea ualimu, masomo yangu ni fizikia na hisabati. Julai iliyopita nilisimama mbele ya darasa la watoto themanini kwenye mazoezi ya kufundisha, nikaulizwa kila aina ya swali, hadi kama umeme una uzito. Lakini lile la mama halikuwa swali la darasani. Na wala hakuuliza kwa ujinga, hilo nataka mlielewe mapema.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya jeshi pale Gongo la Mboto yalilipuka. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka nimebebwa mgongoni na dada huyuhuyu, tunakimbia hatujui tunakwenda wapi, anga lote jekundu na vitu vinapita juu vikilia. Watu zaidi ya 20 walikufa, na uwanja wa ndege ulifungwa usiku ule. Karibu miaka miwili kabla yake, tarehe 29 Aprili 2009, ilikuwa zamu ya Mbagala. Kwa mtu aliyepitia hayo, mlio wa paa! katikati ya usiku hauna sherehe ndani yake. Na anaposema kitu kikilipuka hapa chini ndege huko juu haziko salama, anasema alichokiona kwa macho yake.

Kwa hiyo sikutaka kumjibu "ah mama acha hizo". Nilichukua karatasi, tukakaa wote kwenye mkeka.

Nikaanza na ndege iliyoko safarini. Ndege kubwa ya abiria ikishapanda inakwenda kwenye mita 10,000 hadi 12,000 juu ya bahari. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895, kwa hiyo ni kama uchukue Kilimanjaro mbili uzipandanishe. Fashifashi ya dukani, ile ya kijiti, inapaa makumi ya mita tu, na zile nzuri zaidi zinakaribia mita 100. Za wataalamu, zinazopigwa kwenye hoteli kubwa na sherehe za taifa, zinakwenda kwa upana wa kombora lake: la milimita 75 linapasukia kwenye mita 90 hivi, na yale makubwa ya milimita 300 yanafika mita 300 na ushee. Basi. Weka mita 300 kando ya mita 10,000. Ni kama mtu aliyesimama Kariakoo ajaribu kumtemea mate mtu aliye ghorofa ya mia.

Halafu nikamwonyesha saa. Muscat hadi Dar ni mwendo wa saa tano na nusu hivi. Saa sita kamili usiku, wakati watu wanashangilia, dada angekuwa bado na saa moja na nusu ya kuruka, yuko juu ya Bahari ya Hindi huko, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kiwalani. Mama akalainika kidogo. Lakini mama yangu si mtu wa kudanganyika. Akaniuliza, "Na akishuka je? Maana si atashuka hapa hapa?"

Hapo ndipo nikajua mama yangu angefaulu fizikia kuliko mimi. Kwa sababu ndilo swali lenyewe hasa. Ndege haiko mita 10,000 muda wote. Ikija kutua inashuka kwa mteremko wa nyuzi 3. Chukueni kikokotoo: tanjenti ya nyuzi 3 ni 0.052, maana yake kwa kila kilomita moja ya mwendo inashuka mita 52. Na inapofika kwenye ncha ya barabara ya kurukia inakuwa na kama mita 15 chini yake. Sasa rudi nyuma. Ikiwa kilomita 10 kutoka uwanjani iko mita 540 hivi. Kilomita 4, mita 225. Kilomita 2, mita 120. Kilomita moja, mita 67.

Umeona? Mtu anayepiga fashifashi Coco Beach hana habari na ndege ya abiria. Mtu anayepiga fashifashi ileile kilomita moja kutoka mwisho wa uwanja, chini ya njia ya kutulia, anarusha moto kwenye urefu uleule zinapopita ndege. Fashifashi ni moja, hatari ni mbili tofauti, kutegemea umesimama wapi.

Hata hivyo nilimwambia ukweli wote: kwenye orodha ya ajali kubwa za ndege za abiria hutakuta iliyoangushwa na fashifashi ya sikukuu. Kile kinachong'aa angani ni kipande kidogo cha kemikali kinachoungua sekunde chache na kuisha. Mwili wa ndege ni chuma na vitu vigumu, mafuta yamefungwa ndani ya mbawa, na injini zinajaribiwa kiwandani kwa kumezeshwa maji, mvua ya mawe, hata mizoga ya ndege. Kwa ndege ndogo na helikopta, zinazoruka chini zaidi na zina kinga ndogo, ningekuwa na wasiwasi zaidi. Lakini hiyo hadithi ya mama jirani ya dumu la petroli, hapana.

Basi ningeweza kuishia hapo. Mama alisharidhika, akaenda kukaanga maandazi ya mgeni. Tatizo ni mimi. Nikishaanza kusoma kitu siachi, na bando lilikuwepo. Nikakaa na simu hadi saa nne usiku, na nilichokikuta ndicho kimenifanya niandike leo.

Kiswahili chetu kina utani wake: ndege ni ndege. Yule wa manyoya na ile ya abiria jina moja, tunazitenganisha kwa "wa" na "ya" tu. Sasa fashifashi haimfikii ndege ya abiria, lakini inamfikia ndege wa manyoya. Na ndege wa manyoya anaifikia ndege ya abiria.

Watafiti wa Uholanzi waliangalia rada za hali ya hewa kwa mikesha mitatu ya mwaka mpya, wakatoa matokeo yao mwaka 2011. Waliona kwamba dakika chache baada ya saa sita usiku, fashifashi zinapoanza, maelfu kwa maelfu ya ndege waliokuwa wamelala wanaruka kwa pamoja gizani, na wanafika hadi mita 500 juu. Mita 500! Rudi kwenye hesabu yetu: huo ni urefu ambao ndege ya abiria inakuwa nao ikiwa kilomita 9 kabla ya kutua. Na kule Beebe, jimbo la Arkansas nchini Marekani, usiku wa kuamkia mwaka 2011, maelfu ya ndege weusi walidondoka wamekufa kwenye mapaa na barabara. Walishtuliwa na fashifashi, wakaruka usiku wakati hawaoni vizuri, wakajigonga kwenye nyumba na miti.

Na ndege wa manyoya anaweza kufanya nini kwa ndege ya abiria? Tarehe 15 Januari 2009 ndege iliyotoka tu New York ikiwa na watu 155 ilikutana na kundi la mabata bukini kwenye urefu usiofika mita 900. Injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani akaitua kwenye mto Hudson, wote wakatoka hai. Pale hapakuwa na fashifashi, ilikuwa mchana kweupe, nisije nikalishwa maneno. Ninachosema ni kwamba kundi la ndege angani si jambo la mchezo, na sisi kwa mlio mmoja tunaweza kuamsha kundi zima.

Sasa fikiria Dar yetu. Kunguru wanalala kwa makundi kwenye miti. Machinjio yako Vingunguti, jirani na uwanja, na penye mabaki ya nyama wenye mbawa hawakosi. Cha kuchekesha ni kwamba viwanja vya ndege vyenyewe vinatumia risasi za baruti za mlio kuwafukuza ndege. Kitu kilekile! Tofauti ni kwamba pale anayepiga anaangalia kwanza kama kuna ndege inatua, anajua anawafukuzia upande gani, na anaongea na watu wa mnara. Sisi tunapiga tu.

Nikaendelea. Macho ya binadamu yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza vizuri, na mwanga mkali wa ghafla unaweza kuvuruga hayo yote mara moja. Rubani anayetua usiku anatafuta taa za uwanja. Ndio maana kitu kibaya zaidi kuliko fashifashi ni tochi ya leza, zile za kijani wanazouza machinga. Leza haina habari na mita 100, inapaa kilomita na kilomita, na ikifika kwenye kioo cha rubani inatapakaa na kumpofusha kwa muda. Marekani mwaka 2023 pekee marubani waliripoti kumulikwa zaidi ya mara 13,000, na kule ni kosa la kwenda jela hadi miaka mitano.

Taa za karatasi za kuruka nazo, zile siku hizi zinaonekana hata kwenye harusi zetu. Zinakwenda zinakotaka upepo. Chiang Mai kule Thailand, kwenye sikukuu yao ya Novemba, kila mwaka ndege kadhaa zinafutwa au kubadilishiwa saa kwa ajili ya taa hizo.

Na moshi. Hili linatuhusu sisi wachoma matairi. Tarehe 13 Januari 2018 mji wa Chennai, India, watu walichoma takataka na vitu chakavu asubuhi ya sikukuu ya Bhogi kama ilivyo desturi yao. Moshi ukachanganyika na ukungu, marubani hawaoni, ndege zikapelekwa viwanja vingine. Hakuna hata mtu mmoja aliyelenga ndege. Walikuwa wanasherehekea tu.

Ukiyapanga yote haya unaona kitu kimoja. Baruti yenyewe si tatizo kubwa. Dubai wanapiga fashifashi kutoka kwenye jengo la Burj Khalifa lenye mita 828, na uwanja wa ndege uko mjini humohumo. Mbona hakuna kinachotokea? Kwa sababu jengo liko kwenye ramani, saa inajulikana, marubani na waongoza ndege wameshaambiwa. Uingereza mamlaka ya anga ina mwongozo mzima kwa wanaopanga maonyesho ya fashifashi, leza na taa za kumulika angani: toa taarifa mapema, ili marubani nao wapewe taarifa. Hatari inaanza pale kitu kinaporushwa na anayekuja hajaambiwa. Sisi hapa fashifashi zinataka kibali cha polisi, na kila sikukuu inapokaribia wanatukumbusha, na kila sikukuu tunasikia kwa sikio hili na kutolea kwa lile. Nilikuwa naona ni kunyimana raha. Sasa naona kibali maana yake ni kwamba kuna mtu anajua.

Saa nne na nusu nikaenda kijiweni. Wale masela tumekua pamoja, ila tangu niende chuo wananiita "mwalimu", nusu heshima nusu kejeli. Walikuwa na boksi la fashifashi na leza mbili za kijani, na mmoja alikuwa anajaribu shabaha kwenye bati la msikiti.

"Mwalimu kaja kutukataza," akasema mmoja.

"Sijaja kukataza. Dada anatua saa saba na nusu."

Wakanyamaza. Dada wanamjua, wengine aliwalea mtaani hapa. Nikawaambia habari ya leza na rubani, nikawachorea mteremko wa nyuzi 3 mchangani kwa kijiti. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo hapa tulipo ndege inapita mita ngapi?" Tukakadiria pamoja, ikaja mita mia na kitu. Akaangalia boksi lao, limeandikwa Kichina na mchoro wa roketi. Akaguna.

Siwezi kuwaambia kwamba waliacha. Leza mbili walinipa nikae nazo mpaka asubuhi. Fashifashi waliniambia wazi kwamba wamenunua kwa hela yao. Saa sita zikapigwa, na mdogo wao mmoja akaungua vidole viwili kwa ile ya kushika mkononi, tukamkimbiza kwenye duka la dawa. Nadhani hapo ndipo hatari ya fashifashi ilipo hasa: inaanza kwenye vidole na macho ya aliyeiwasha, kabla haijafika popote. Lakini saa saba ilipopita, nilimsikia mwenye boksi akiwaambia wenzake, "Oyaa subirini kwanza, kuna taa ile." Wakasubiri. Ndege ikapita juu yetu kwa kishindo chake, bati likatetema kama kawaida. Sijui kama ndiyo ilikuwa ya dada. Mama alisema ndiyo.

Dada alitoka uwanjani saa nane na dakika kumi, amekonda, ana begi moja tu. (Mpwa wetu alikuwa amemwagiza amletee fashifashi za Uarabuni. Hiyo hairuhusiwi hata kidogo, si begi la mkononi wala la chini. Kama kuna fashifashi ninayoiogopa kwenye ndege ni iliyofichwa ndani ya begi, kwa sababu moto wa ndani hauna pa kukimbilia.) Tukiwa kwenye bajaji mama akamuuliza kama aliogopa. Dada akasema alikuwa dirishani, Dar nzima chini ilikuwa inawaka vitu vidogo vidogo, vinafunguka na kuzima, kama vimulimuli kwenye majani.

"Sikusikia mlio wowote," akasema. "Nikadhani mmenipokea."

Mama akacheka mpaka akalia.

Sasa nirudi kwenye mambo yangu ya ualimu. Mwalimu wetu mmoja wa saikolojia hupenda kutuambia kwamba mtoto akiuliza swali, sikiliza kwanza anaogopa nini. Mama jirani alijibu hofu kwa hofu. Mimi ningeweza kujibu kwa "haiwezekani", na ningekuwa sahihi kwa asilimia kubwa, lakini wale vijana wangebaki na leza zao. Jibu refu ndilo lililotoa leza mikononi mwao. Darasani tunakimbizana na mtaala, swali kama hili unalifuta kwa neno moja ili umalize mada. Nikipata darasa langu, mkesha wa sikukuu nitafundisha tanjenti kwa njia hii: mteremko wa nyuzi 3, nyumba ya mwanafunzi, urefu wa ndege juu ya bati lao. Nadhani hawatasahau.

Haya, wadau, nimeandika kuliko nilivyopanga na mwenzangu wa chumbani anataka taa izimwe. Nyie mnaokaa karibu na viwanja, Mwanza, KIA, Zanzibar pale Kisauni, Nairobi huko Embakasi, kwenu ikoje siku za sikukuu? Nielezeni. Na wenye kudesa Takwimu ya mwaka wa pili, mnitafute, tugawane mateso.

Heri ya mwaka mpya, japo nimechelewa. Alamsiki.